Ukili ni Mali ya Mwanamke

Katika miji ya Waswahili kuna kazi moja isiyo na saa ya kufungua wala saa ya kufunga. Haina jengo wala kengele, na mwenye kuifanya hahesabiwi katika daftari lolote la wafanyakazi. Mwanamke huifanya akiwa ameketi barazani, chungu kiko mekoni, na mtoto amelala ubavuni pake. Huiweka chini mara nyingi kwa siku na kuishika tena mara nyingi, na ifikapo jioni imeongezeka urefu. Kazi hiyo ni kusuka ukili, na ukili ndio mama wa mkeka, msala, jamvi, kikapu na vyombo vingine vingi ambavyo nyumba ya pwani haikamiliki pasipo navyo.

Jomvu Kuu ni mahali panapofaa sana kuitazamia kazi hii. Mtu atokaye kisiwani Mombasa kwa njia ya Makupa, akapita Changamwe na Mikindani kwa barabara kuu iendayo Nairobi, huufikia mji huo akiiacha barabara na kuteremka mpaka ukingoni mwa mkono wa bahari wa Tudor, penye mikoko. Wajomvu ni mojawapo ya zile Tisa Taifa ambazo, pamoja na Thelatha Taifa, hufanya taifa kumi na mbili za Waswahili wa Mombasa. Wana lahaja yao, Kijomvu, na tangu zamani walikuwa na mapatano ya biashara na jirani zao Warabai. Bidhaa za bara ziliteremka kwa miguu hata ukingoni mwa maji, ndipo zikatiwa mashuani kwenda kisiwani. Krapf na Rebmann, waliofungua kituo chao Rabai mwaka 1846, nao walipita katika mkono huo huo wa bahari. Kwa hiyo Jomvu Kuu ni mlango: upande huu kisiwa, upande huu mashamba. Kisiwa kilipojaa nyumba hakikuweza tena kujiezeka wala kujitandikia chenyewe. Makuti, kuni na majani ya kusukia yakawa hayana budi kutoka bara.

Makuti nayo ni kazi ya wanawake, na ni vema kuyataja kabla ya ukili kwa kuwa ndiyo shule ya kwanza ya mtoto wa kike. Kuna makuti ya kumba, ambayo ni nusu ya kuti zima la mnazi lililopasuliwa katikati na kusukwa; hayo huwa ya ua. Tena kuna makuti ya viungo, ambayo vijani vyake hukunjwa juu ya ufito kimoja kimoja na kushonwa vikabanana. Hayo ndiyo ya kuezekea. Mwanamume hupanda juu ya dari na kuyafunga, na watu wakipita njiani humsifu fundi aliyeezeka. Aliyeshona viungo mamia kwa mamia hana wa kumsifu, maana hakuonekana juu ya paa.

Sasa ukili. Majani yake ni ya namna mbili. Ya kwanza ni miyaa, majani ya mkoma, ambao huota wenyewe katika mbuga na mashamba yaliyoachwa. Haya ni magumu, hufaa majamvi, vikapu na mikeka ya kawaida. Ya pili ni ukindu, majani ya mkindu upendao mabonde yenye maji. Haya ni laini, na ndiyo yatakiwayo kwa mikeka mizuri ya kulalia na misala ya kusalia. Jani lifaalo ni lile changa ambalo halijafunguka. Likikomaa huwa kama fimbo, na asukaye jani kukuu huumiza vidole vyake bure. Majani hayo hukatwa, hufunguliwa, huanikwa juani mpaka yageuke meupe, kisha huchanwa. Kila uzi wa jani uliochanwa huitwa chane, na hapo ndipo fundi wa kweli ajulikanapo: chane zake zote huwa za upana mmoja kana kwamba zimepimwa kwa rula, hali hana chombo ila ukucha wake na kisu kidogo.

Chane nyingine huachwa nyeupe na nyingine hutiwa rangi. Zamani rangi zilitoka katika mimea ya papo hapo: maganda ya mikoko hutoa wekundu wa kahawia, na manjano hutoa rangi ya jina lake. Baadaye zikaja rangi za unga za dukani, za zambarau, kijani na nyekundu, nazo huchemshwa katika debe pamoja na majani. Rangi za dukani hung'aa zaidi. Za mikoko hazing'ai sana, walakini huzoeana na jicho, na mkeka wake ukizeeka hupata uzuri mwingine.

Kusuka kwenyewe hakuelezeki vizuri kwa kalamu. Chane hushikwa pamoja kichwani, kisha ya kulia hupita chini ya hii na juu ya ile kwenda kushoto, na ya kushoto hurudi vivyo hivyo. Kadiri chane zinavyozidi ndivyo ukili unavyopanuka. Chane moja ikimalizika huingizwa nyingine, na ncha zinazochomoza hukatwa baadaye. Jani sharti liwe na unyevu kidogo, maana jani kavu huvunjika. Ndiyo maana wasusi wengi hupenda asubuhi na jioni kuliko jua la mchana. Ukili ukirefuka hukunjwa mviringo kama gurudumu na kufungwa, mpaka umetimia kiasi cha kazi iliyokusudiwa. Ndipo hukatwa kwa urefu wa mkeka, vipande vikalazwa ubavu kwa ubavu, na kushonwa kwa shazia, ile sindano kubwa. Mshono mzuri hauonekani. Mwisho kingo hupindwa ili zisifumuke.

Makarani na watu wa hesabu na waangalie jambo hili moja. Mkeka wa kulalia wa kadiri, wenye urefu wa meta 2 na upana wa meta 1.2, una eneo la meta za mraba 2.4. Ikiwa ukili wake una upana wa sentimeta 5, basi mkeka mmoja unataka ukili wa meta 48. Wasusi hupima kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa, ambao ni karibu meta 1.8, kwa hiyo mkeka huo ni pima 27. Na ikadiriwe kwamba mwanamke mwenye kupika, kuteka maji, kulima na kulea aweza kusuka pima 2 kwa siku: huo ni muda wa majuma mawili kwa kusuka tu. Bado kukata majani, kuanika, kuchana, kutia rangi na kushona. Tena ukili mwembamba, ambao ndio wa mikeka mizuri, ukiwa wa sentimeta 2.5 huifanya hesabu hiyo kuwa maradufu.

Kisha mkeka hupelekwa sokoni, na mnunuzi huuinua kwa vidole viwili, huugeuza, huutazama kana kwamba umemkosea, na kusema: "Mama, nipunguzie, haya si majani tu?" Ndiyo, ni majani, kama vile meza ya ofisini ilivyo mti tu, na hakuna amwambiaye seremala apunguze kwa sababu hiyo. Mtu akitaka kujua bei ya haki na achukue bei aliyoitaja, aigawe kwa siku zilizotumika, kisha ailinganishe na ujira wa kibarua wa siku moja. Wachache watakaofanya hesabu hiyo bila kuona haya.

Kwa nini basi wanawake hawakuiacha? Jibu moja limo katika sheria. Kwa sheria ya Kiislamu, ambayo Wajomvu huifuata, mali ya mke ni yake mwenyewe. Mume hana haki ya kuigusa, wala mke halazimiki kuitumia kwa chakula cha nyumba, maana hiyo ni juu ya mume. Fedha ya ukili ilikuwa ndogo, lakini haikuulizwa na mtu. Ilinunua kanga, ilitoa mchango wa harusi ya jirani, iliingia katika mchezo wa kupokezana kila mwezi, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ilisaidia hata vyama vya lelemama vya Mombasa, ambavyo wanawake walishindana kwa ngoma, mavazi na karamu. Wazee wengine wa kiume walilalamika kwamba lelemama ni ubadhirifu. Huenda ulikuwa, lakini mwenye fedha yake hulaumiwa kwa namna tofauti na aliyeomba.

Jibu la pili ni kwamba kazi hii humtambulisha mtu. Mwanamke aliyezoea kusuka hujua mkono wa mwenzake kama karani ajuavyo hati ya mwenziwe: huyu hukaza, huyu hulegeza, huyu huficha ncha vizuri, huyu hana subira ya kuchana sawasawa. Mikeka mingine ya pwani husukwa maneno ndani yake, kama vile "Karibu", kwa chane za rangi zilizohesabiwa moja moja. Na asiyejua kusoma karatasi aliweza kuandika neno zima kwa majani. Harusi, maziko, maulidi na hitima, yote hufanywa juu ya mikeka. Mgeni hutandikiwa mkeka kabla hajaulizwa habari, na mwenye nyumba huona fahari ikiwa mkeka huo umesukwa na watu wa nyumba yake.

Mambo haya si ya pwani hii peke yake. Mbali kaskazini mwa Scotland viko visiwa vya Shetland, penye baridi na upepo usiokoma, ambako waume walikwenda kuvua na wanawake walifuma kwa nyuzi za sufi. Walifuma hata wakitembea, wamebeba mgongoni vikapu vya mboji ya kuwashia moto, sindano zikienda mikononi bila kutazamwa. Katika kisiwa cha Unst walifuma shali nyembamba zilizosifiwa kwamba hupita katika pete ya ndoa. Lakini kazi hiyo nzuri haikuwapa fedha. Wafanyabiashara waliwalipa kwa chai na vitambaa vya duka lao wenyewe, kwa bei waliyoitaka wao. Na mwanamke aliyehitaji sarafu moja hakuipata. Mwaka 1872 tume ya serikali ya Uingereza ilichapisha uchunguzi wake juu ya malipo hayo, na wanawake wafumaji wenyewe walikuwa miongoni mwa mashahidi. Mtu wa pwani akisoma ushahidi wa namna hiyo atadhani anasoma habari za jirani zake, isipokuwa habari za baridi.

Na katika visiwa vya Aran, magharibi mwa Ireland, husimuliwa kwamba kila ukoo ulikuwa na nakshi yake ya sweta, ili mvuvi akifa maji maiti yake itambulikane. Ni hadithi nzuri, lakini si kweli. Ilikuzwa kutokana na tamthilia ya J. M. Synge ya mwaka 1904, *Riders to the Sea*, ambamo dada anamtambua nduguye aliyezama kwa soksi aliyomfumia mwenyewe, kwa kuwa akumbuka mishono aliyoiruka. Hakuna ukoo wala nakshi ya kale katika mchezo ule, ila mtu anayeijua kazi ya mkono wake. Wauzaji wa sweta ndio walioongeza mengine. Jambo hilo ni onyo kwa wale wapendao kumsimulia kila mtalii kwamba rangi fulani ya mkeka ina siri ya mababu. Mara nyingi siri yake ni kwamba ndiyo rangi iliyokuwako dukani siku hiyo.

Katika tarehe za pwani, wasusi hutajwa kwa mafumbo tu. Wareno wa Vasco da Gama walipofika Msumbiji mwaka 1498 waliandika kwamba vyombo vya huko havina misumari, mbao zake zimeshonwa kwa kamba, na matanga yake ni ya majani yaliyosukwa. Ndivyo ulivyokuwa pia mtepe wa Lamu na visiwa vya Wabajuni, uliodumu hata karne ya 20. Wanachuoni wameandika kurasa nyingi juu ya mbao za mtepe na kamba zake na nahodha wake. Tanga, ambalo ndilo lililouendesha, lilisukwa jani kwa jani; na aliyelisuka hana jina. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Pamoja na ukili iko kazi ya sindano. Kofia za mkono, zile nyeupe zenye vito vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi, hushonwa na wanawake wengi wa Unguja, Pemba na Mombasa, na moja nzuri huweza kuchukua miezi. Huko Omani kofia ya namna hiyo huitwa kuma, na imekuwa sehemu ya vazi la taifa. Uhusiano wake na Zanzibar haufichiki, hasa kwa kuwa jamaa wengi wa Kiomani waliokulia Zanzibar walihamia huko baada ya mapinduzi ya 1964, na zaidi tangu 1970. Kofia hulipwa vizuri kuliko mkeka. Sababu yake si ngumu kuijua: kofia huvaliwa kichwani mwa mwanamume, naye huiona kila ajitazamapo katika kioo, mkeka hukaliwa.

Kufuma kwa sufi nako kulifika Kenya kwa njia ya masomo. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipoanzishwa mwaka 1952, vikundi vyake vilifundisha usafi, mapishi, kushona na kufuma. Katika nchi ya baridi, kama Nyeri na Limuru, sweta ya mtoto ilikuwa msaada mkubwa. Pwani, ambako mtu hutokwa jasho akiwa kivulini, sweta ilikuwa elimu isiyopata mwili wa kuuvika. Akina mama waliichukua ile sindano ya kulabu wakafumia vitambaa vya meza na vya viti, na sebule nyingi za Mombasa zikapambwa kwa nyuzi nyeupe. Lililokosekana katika masomo ya namna hiyo ni jambo dogo: wanafunzi wa pwani walikuwa mafundi tayari wa ufundi mwingine, na kusuka ukili hakukuhesabiwa kuwa elimu kwa kuwa hakukuja na kitabu.

Leo mashindano ni ya namna nyingine. Mikeka ya plastiki hutoka viwandani kwa maelfu, ina maua ya kila rangi, huoshwa kwa maji na kukauka upesi, na bei yake msusi hawezi kuifikia hata asipojihesabia ujira kabisa. Si haki kumlaumu mnunuzi mwenye watoto sita na sakafu tupu. Walakini mkeka wa plastiki una joto mgongoni usiku wa kaskazi, hupasuka, na ukipasuka haushoneki. Mkeka wa ukindu ukichakaa upande mmoja hukatwa ule upande, ukashonwa ukili mpya. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na siku zile watu wa miji walikumbuka ghafula kwamba nyanya zao walikwenda sokoni na kikapu. Vikapu vilitafutwa. Viwanda navyo havikulala. Mara ikatoka mifuko ya namna ya kitambaa, ambayo nayo ni plastiki iliyobadili sura, na mbio ya vikapu ikapungua.

Adui mkubwa zaidi wa ukili katika upande wa Jomvu si plastiki, ni ardhi. Kituo cha reli mpya kilifunguliwa Miritini mwaka 2017, barabara zimepanuliwa, maghala na nyumba za kupangisha zimesogea. Mkoma hauna mwenyewe, kwa hiyo hukatwa wa kwanza, kana kwamba ni magugu. Msusi ambaye mamaye alichuma majani nyuma ya nyumba sasa hununua mafungu yaliyoletwa kwa gari, na faida yake ndogo huliwa kabla hajaanza kuchana. Na binti zake wako shuleni mchana kutwa, kama ipasavyo. Akitaka kuwafundisha ana Jumamosi na likizo, tena na vidole ambavyo simu imekwisha kuvizoea.

Lakini mkindu hupandika, na hili wakulima wenye mabonde huko nyuma ya Rabai na Kaloleni wangeweza kulifikiri kama biashara, si kama ukumbusho. Huota kwa kokwa zake au kwa machipukizi yanayotoka shinani, ambayo huweza kutengwa na kuhamishwa pamoja na mizizi yake wakati wa mvua. Hupenda kando ya vijito na mahali pa majimaji ambapo mahindi huoza, kwa hiyo hauchukui shamba la chakula. Haukui upesi, na mwenye haraka asianze. Ukikubali, huvunwa kwa kukata jani moja au mawili machanga katika kila shina, na kuacha moyo wake salama. Mvunaji mwenye pupa akatapo moyo, shina lile hufa, na huo ndio ukawa mwisho wa mikindu katika mabonde mengi. Majani huanikwa siku ile ile ya kukatwa, yasilale katika umande, maana jani lililopata ukungu huwa na madoa ambayo hakuna rangi iwezayo kuyafunika.